Viazi, Mihogo na Ilimu ya Jeni: Jawabu kwa Mama wa Karatina

Katika darasa yetu ya Jumamosi baada ya Magharibi, hapa Majengo, Nyeri, tumeletewa swali na mama yetu mmoja wa Karatina. Mama huyu ana kipande cha shamba upande wa Mukurweini. Hulima viazi vitamu, ambavyo wenyeji wa hapa huviita ngwaci, na kuviuza sokoni. Wengi wetu tumefuturu kwa viazi vyake bila ya kujua vimetoka mikononi mwa nani. Asema kwamba huu ni msimu wa tatu viazi vyake vyaharibika: majani hutoka madogo, yamekunjamana na kupauka, mashina hudumaa, na akichimba hupata mizizi myembamba kama vidole. Kijana wake amemwambia asihuzunike, kwani wataalamu wana viazi vilivyotiwa kinga ndani kwa ndani, visivyopatwa na maradhi. Jirani yake naye amemwambia kuwa viazi hivyo ni haramu, kwa sababu ni kubadili maumbile. Yeye auliza mambo mawili: Je, avingoje viazi hivyo au avikimbie? Na mvua za Machi zikifika, apande nini?

Kabla ya kujibu, yatupasa kukiri jambo. Mwaka 2003, katika darasa hii hii, tulisomewa habari za kiazi hicho, nasi tukakisifu kana kwamba kimekwisha fika sokoni. Wako waliotoka hapa wakaenda kuwaambia wake zao wasihangaike na kuchagua marando, kwani dawa i njiani. Mwaka uliofuata yakatokea yaliyotokea, wala hatukurudi kuwaambia. Basi somo hili ni deni tulilokuwa nalo, na mama yetu ametukumbusha.

Tuanze na maradhi yenyewe, kwani asiyejua ugonjwa hawezi kuihukumu dawa. Kiazi kitamu hakipandwi kwa mbegu kavu kama mahindi. Hupandwa kwa marando yaliyokatwa katika shamba la jana. Kwa hivyo ugonjwa ulioingia katika rando moja huenda nalo shamba hadi shamba, kwa mama hadi kwa binti yake, kama urithi. Na virusi ni vitu vidogo mno, havionekani hata kwa darubini ya kawaida, wala haviwezi kuzaana peke yao. Hungoja mpaka vimeingia ndani ya seli ya mmea, ndipo vikaifanya seli hiyo mtumishi wao.

Maradhi yanayoviua viazi vyetu Afrika Mashariki hayatokani na kirusi kimoja, bali na viwili vinavyosaidiana. Cha kwanza huletwa na vidukari, na kikiwa peke yake mara nyingi hakileti madhara makubwa. Viazi vingi vya kienyeji vya kwetu huweza kukizuia, hata usijue kuwa kiliwahi kupita. Cha pili huletwa na inzi weupe, nacho ndicho kinachodumaza mmea. Wanapokutana hawa wawili ndani ya mmea mmoja, yule wa kwanza aliyekuwa mpole huongezeka kupita kiasi. Karyeija na wenzake walilipima jambo hili, na katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2000 walionyesha kuwa kirusi cha vidukari huongezeka kiasi cha mara 600 kikisaidiwa na mwenziwe. Sababu yake ilikuja kufafanuliwa mwaka 2009: kirusi cha inzi weupe kina kifaa chake cha kuivunja kinga ya mmea. Mfano wake ni mwizi aliyekwisha kumfunga mbwa wa nyumba, akamwachia mlango mwizi mwingine aingie. Tunamwomba msomaji aliweke akilini jambo hili, kwa sababu habari yote iliyobaki yategemea hapa.

Ama hiyo ilimu ya jeni, maana yake si kumwagia kiazi dawa. Ndani ya kila seli ya kiumbe kuna maandishi ya namna yake yanayoiamrisha seli ifanye nini. Kila amri moja ndiyo iitwayo jeni. Wataalamu wamejifunza kuitoa amri moja katika kiumbe kimoja na kuitia katika kingine. Mwaka 1986 Roger Beachy na wenzake kule Marekani walichukua jeni ya kirusi cha tumbaku, ile inayotengeneza vazi la protini ambalo kirusi hujivika, wakaitia katika mmea wa tumbaku. Mmea ukawa watengeneza lile vazi wenyewe, na kirusi cha kweli kilipokuja hakikuweza kuutawala kama zamani. Kwa njia ya namna hiyo hiyo mipapai ya Hawaii iliokolewa. Kirusi cha madoa ya duara kilionekana wilayani Puna mwaka 1992 na kikaanza kuyamaliza mashamba, na mwaka 1998 wakulima wakapewa mipapai iliyotiwa jeni ya vazi la kirusi hicho, kazi iliyoongozwa na Dennis Gonsalves. Hilo lilifaulu, wala hapana insafu kulikana.

Sasa tuje nyumbani. Aliyeanza kuileta ilimu hii katika kiazi cha Kenya ni binti wa Nyeri hii hii, Dakta Florence Wambugu, aliyezaliwa mwaka 1953. Yasimuliwa kuwa mama yake aliuza ng'ombe pekee wa nyumba ili binti aende sekondari, na hilo peke yake lingetosha somo zima kwa wazee wanaowatoa mabinti shule. Alisoma Nairobi, kisha Marekani, na mwaka 1991 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, kwa utafiti juu ya virusi vya viazi vitamu vya Kenya. Mwaka huo huo akaenda kufanya kazi katika maabara ya kampuni ya Monsanto kule St. Louis, kwa msaada wa serikali ya Marekani, akishirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya iliyokuwa ikiitwa KARI, ambayo tangu sheria ya mwaka 2013 imeingizwa katika KALRO. Kampuni ikakubali ilimu hiyo itumike kwa viazi vya Kenya bila ya kudai malipo. Kazi ilikuwa kuchukua jeni ya vazi la kirusi cha vidukari na kuitia katika kiazi. Mwaka 2000 miche ikaletwa Kenya na kupandwa katika mashamba ya majaribio.

Katika miaka ile magazeti ya dunia yaliandika mno. Dakta Wambugu mwenyewe aliandika mwaka 1999 katika jarida la Nature kwamba Afrika yaihitaji ilimu hii. Kiazi cha Kenya kikawa mfano wa kila mkutano: wanaoitetea ilimu ya jeni walikitaja, na wanaoipinga walikitaja. Shamba lilikuwa bado halijasema neno, na watu wamekwisha kutoa hukumu pande zote mbili.

Mwanzoni mwa mwaka 2004 shamba likasema. Habari zilizochapishwa Nairobi kutokana na majaribio ya KARI zilieleza kuwa viazi vilivyotiwa jeni havikustahimili virusi shambani kama ilivyotarajiwa, na kwamba viazi vya kawaida vilivyopandwa kando yake kwa ajili ya kulinganisha vilizaa zaidi. Yaani baada ya zaidi ya miaka 10 ya kazi, kiazi cha maabara kilishindwa na ndugu yake wa shambani.

Kwa nini? Msomaji aliyeshika tuliyoyasema juu ya wale wezi wawili amekwisha kulijua jawabu. Jeni iliyotiwa ilikuwa ya kinga dhidi ya kirusi cha vidukari peke yake, kirusi ambacho viazi vyetu vingi vya kienyeji vilikuwa vikikizuia tangu zamani. Kile cha inzi weupe, kinachovunja kinga, kiliachwa mlango wazi. Na mmea ambao kinga yake imekwisha kuvunjwa, vazi moja la protini halitaufaa. Waliukomea mlango ambao mwizi hakuwa akiuingia peke yake. Sisi hatusemi kwamba Dakta Wambugu alidanganya. Alifanya kazi kwa ilimu iliyokuwapo mwaka 1991, na mambo ya ushirika wa virusi viwili yalikuja kupimwa barabara wakati kazi yake imekwisha kwenda mbali. Tunalolaumu ni ile haraka ya kutangaza, nasi tumekiri kuwa tulikuwa miongoni mwa watangazaji.

Wakati huo huo, jirani na Karatina hapa, kulikuwa na watu wengine wakifanya kazi ya kimya. Kule Uganda Dakta Robert Mwanga na wenzake walikuwa wakizalisha viazi kwa njia ya zamani, maua kwa maua, wakichagua vile vinavyostahimili maradhi katika mashamba yenye maradhi. Mwaka 1999 walitoa kundi la kwanza la aina zao, na mwaka 2007 wakatoa vile vya rangi ya machungwa viitwavyo Vita na Kabode, ambavyo leo vyapandwa Kenya pia. Mwaka 2016 Mwanga na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi ya mazao yenye lishe. Wala viazi hivyo havikufunga mlango wa maradhi kabisa. Hustahimili tu zaidi ya vingine.

Kuna jambo jingine ambalo wenye kuisifu ilimu hii hulipita haraka, nalo ni la miliki. Mwaka 1998 binti mwingine wa Nyeri, Profesa Wangari Maathai wa Ihithe, aliandika kupinga desturi ya makampuni kumilikishwa mbegu na viumbe kwa hataza, akiona kuwa mkulima ataishia kuomba ruhusa ya kupanda alichokuwa akipanda babu yake. Basi mkoa mmoja ulitoa wanawake wawili wakubwa wa ilimu, mmoja akiona maabara ni wokovu wa mkulima, mwingine akihofia mkulima atafanywa mpangaji katika shamba lake mwenyewe. Twaona Profesa Maathai aligusa swali ambalo halijibiwi na jaribio lolote la shambani. Kiazi cha KARI kilitolewa bila ya malipo, ndiyo. Lakini kupewa kwa hisani ni jambo moja, na kuwa na haki ni jambo jingine. Mama yetu wa Karatina amegawa marando kwa majirani maisha yake yote bila ya kumwuliza mtu. Mbegu yoyote itakayomzuia asifanye hivyo, na iwe imezalishwa kwa njia yoyote, yataka kutazamwa mara mbili.

Baada ya kiazi kushindwa, ilimu hii haikufa. Ilihamia katika muhogo. Muhogo una maradhi mawili makubwa ya virusi. Moja ni batobato, ambayo hukunja majani na kuyatia madoa ya manjano. Otto Warburg aliiandika mwaka 1894 kutoka Tanganyika ya Wajerumani. La pili ni michirizi ya kahawia, lililoelezwa na H. H. Storey wa kituo cha Amani, milima ya Usambara, mwaka 1936. Hili la pili lina hila, kwani shamba laweza kuonekana zuri, na mwenyewe akapiga hesabu ya magunia, kumbe akipasua muhogo akauta umeoza ndani, rangi ya kahawia na mgumu kama gome. Ndugu zetu wa Mbeere na Tharaka wanaolima muhogo wafahamu hesabu hiyo.

Kule Amani, tangu miaka ya 1930, Storey na Nichols waliuchanganya muhogo na jamaa yake wa mwituni, mti wa mpira uliotoka Brazili, kisha wakaurudisha tena na tena kwa muhogo wa kawaida hata mizizi ikawa ya kulika. Mmoja wa wajukuu wa kazi ile, uliokuwa na nambari 46106/27, wapandwa pwani ya Kenya hata leo kwa jina la Kaleso, na Tanzania kwa jina la Namikonga, na wahesabiwa miongoni mwa inayostahimili michirizi vizuri kuliko yote. Walioulima miaka hiyo yote hawakujua kuwa babu yake ni mti wa mpira, wala haukuwadhuru.

Wataalamu wa muhogo wa jeni walijifunza katika kosa la kiazi. Mradi uitwao VIRCA, ulioshirikisha kituo cha Danforth cha St. Louis na taasisi za utafiti za Kenya na Uganda, haukutumia vazi la protini. Mmea una desturi ya kuzikatakata nyaraka za kirusi ukizitambua. Wao wakautia mmea nakala fupi ya waraka wa adui ili uwe umekwisha kumjua kabla hajafika. Na kwa kuwa michirizi huletwa na virusi viwili walio ndugu, walitia nakala za wote wawili. Huko ndiko kujifunza. Lakini hata hivyo likawapata lisilotarajiwa: katika kuiotesha mihogo upya kutoka kwenye seli ndani ya maabara, iliyokuwa na kinga yake ya asili dhidi ya batobato iliipoteza. Walipofunga mlango wa mbele, wa nyuma ukafunguka. Ikabidi warudi kwa njia ya zamani ya kuizalisha na mihogo yenye kinga, ili ipate zote mbili. Walilisema jambo hili wazi katika majarida yao, na kwa hilo twawaamini zaidi kuliko wale wa mwanzo.

Muhogo huo, wa ukoo nambari 4046, ulijaribiwa kwa muda wa miaka 5 katika mashamba yaliyozungushiwa ulinzi ya Mtwapa, Kakamega na Alupe. Mwezi wa Juni 2021 Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Viumbe ya Kenya, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2009, iliukubali utoke humo. Maana ya idhini hiyo ilikuwa kuupeleka katika majaribio ya kitaifa ya mbegu, si kuuweka sokoni. Msichanganye jambo hili na lile katazo la kuingiza vyakula vya jeni kutoka nje, lililowekwa Novemba 2012 na kuondolewa na Baraza la Mawaziri Oktoba 2022, ambalo limezaa kesi mahakamani. Ama kiazi kitamu cha jeni, Kenya hakipo sokoni, na kijana wa mama yetu amemwahidi mama yake kitu ambacho hakuna dukani pa kukinunua.

Limebaki neno la jirani, kwamba ni kubadili maumbile. Hili ni neno zito, lakini uzito wake hauondoi haja ya dalili. Mwenye kusema hivyo amweleze mama huyu ni kwa nini muhogo uliochanganywa na mti wa mpira ni halali, na uliotiwa kipande cha waraka wa kirusi ni haramu, hali kila mla muhogo mgonjwa amekila kirusi kizima. Fauka ya hayo, mwaka 2015 wataalamu walipima aina 291 za viazi vitamu vinavyolimwa duniani, wakakuta zote zimebeba jeni za kijidudu cha udongo kiitwacho Agrobakteria, zilizoingia zenyewe zamani za kale bila ya mkono wa maabara. Na kijidudu hicho hicho ndicho chombo ambacho wataalamu hutumia kutilia jeni. Viazi tulivyofuturia utotoni vilikuwa na jeni za kigeni, nasi twamshukuru Mola kwa utamu wake.

Kila mwanafunzi wa darasa hii akijua kisa cha mitende ya Madina: watu walikuwa wakiipandikiza, Mtume, rehema na amani zimshukie, akadhani huenda haina haja, wakaacha, na matunda yakawa mabaya, naye akawarudishia wenyewe mambo ya mashamba yao. Katika jambo la ukulima, shamba lilisikizwa. Na Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 15 mjini Makka mwaka 1998, liliruhusu ilimu ya jeni katika mimea na wanyama kwa sharti la kujihadhari na madhara kwa watu, wanyama na mazingira. Kwa hivyo jirani na asiharimishe kwa dhana. Lakini na sisi tusihalalishe kwa shangwe, maana sharti la madhara ni la kuchunguzwa kila zao na kila mahali, na hilo la miliki tulilolitaja ni mlango wa dhuluma ukiachwa bila ya ulinzi.

Basi mama yetu, usivingoje wala usivikimbie. Vikija siku moja, uliza maswali matatu: vimejaribiwa wapi, vilishindana na viazi gani, na je, waweza kumpa jirani marando? Mpaka hapo, mkononi mwako una dawa ambayo haikupigiwa tarumbeta. Usikate marando katika shamba lililougua hata kama shina moja laonekana zima. Ugonjwa huwamo kabla haujaonekana. Tafuta marando safi kwa watu wa KALRO au kwa mkulima ambaye umeliona shamba lake kwa macho, yakiwa ya aina inayostahimili. Tenga kitalu kidogo mbali na shamba la zamani, na ukiweza kukifunika kwa chandarua cha matundu madogo, inzi weupe na vidukari hawatapata njia. Mwezi wa kwanza pita kila wiki, na shina lolote lililopauka na kukunjamana ling'oe na ulichome au ulizike, usilitupe mpakani. Usipande shamba jipya ubavuni mwa la zamani.

Uliuliza pia, kwa sauti ya chini mwisho wa darasa, juu ya lile tuta la kando ya mto ambalo marehemu mama mkwe wako alilipanda, na ambalo hukutaka kuligusa. Tulikwenda kulitazama Jumapili. Aina ile ni nzuri na haionekani tena sokoni, lakini tuta zima limeugua, na ndiko maradhi yanakotoka kila msimu kwenda katika mashamba yako. Ling'oe lote kabla ya mvua, pamoja na viazi vilivyobaki ardhini, maana vitachipua. Hapo mpakani, upande wa juu, tuliona mashina manne ya aina hiyo hiyo yaliyo mbali na mengine na hayana alama. Hayo usiyang'oe sasa. Yahamishie peke yake chini ya chandarua, uyaangalie mpaka mvua za vuli. Yakibaki mazima, aina ya mama mkwe wako itakuwa imesalimika. Yakiugua, na yenyewe yang'olewe.

Ndugu wawili wa darasa walio na mashamba Othaya wameahidi marando safi ya Kabode wiki ya mwisho ya Februari. Atakayeyahitaji aje na gunia la katani lenye unyevunyevu, asiyafunge katika nailoni, na ayapande si zaidi ya siku mbili tangu kukatwa.